Lakabu za Kisiasa na Mpiga Kura wa Kati: Mfano wa Rongai

1. Utangulizi

Lugha ya siasa ya Kenya ina utajiri mkubwa wa lakabu. Tangu vyama vya KANU na KADU vilipoundwa mwaka 1960, karibu kila kipindi cha uchaguzi kimeacha majina yake katika Kiswahili: mtu wa majimbo, mfuata Nyayo, mtu wa Ndizi, mtu wa Chungwa, hasla. Makala haya yanakusudia kuyahakiki majina hayo yakiwa maneno, yaani kuuliza kila jina limejengwa juu ya picha gani, na linamtenda nini yule asiyetaka kubandikwa. Dai linalotetewa ni kwamba lakabu hizi hutaja kambi zaidi ya itikadi. Na kwamba Kiswahili cha siasa, chenye majina tele ya kumdharau mpiga kura wa msimamo wa kati, hakijampa jina la heshima lililokubalika. Mfano umechukuliwa katika eneo bunge la Rongai, Nakuru, ambalo lisichanganywe na Ongata Rongai ya Kajiado.

2. Itikadi isiyofafanuliwa

Wachambuzi wa siasa wamezoea kipimo cha kushoto na kulia. Kipimo hicho kilianza katika bunge la Ufaransa mwaka 1789, pale watetezi wa mfalme walipokaa upande wa kulia wa mwenyekiti na wapinzani wao upande wa kushoto. Kilipotafsiriwa kikawa "mrengo wa kushoto" na "mrengo wa kulia", hakikuingia katika lugha tupu. Kwa Mswahili mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kupokelea na wa kuamkiana. Nao huitwa pia mkono wa kuume. Wa kushoto una kazi zake zisizotajwa mbele ya chakula. Hivyo aitwaye mtu wa kushoto amekwisha kuhukumiwa na lugha kabla hoja yake haijasikilizwa.

Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuja na msamiati wake: ujamaa, kujitegemea, unyonyaji, ubepari. Mtu aweza kuupinga msamiati huo, lakini hawezi kusema kwamba haukufafanuliwa. Nchini Kenya mambo yalikwenda vingine. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulitangaza ujamaa wa Kiafrika, ilhali uliacha nafasi pana kwa mali ya mtu binafsi. Oginga Odinga na wenzake walipounda KPU mwaka 1966, "mkomunisti" lilikuwa jina la kuwashutumu, si maelezo ya sera zao. Na chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1969. Harambee ya Kenyatta na Nyayo ya Moi zilikuwa wito. Mwananchi aliulizwa kama anafuata. Hakuulizwa anaamini nini.

Ukali wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU uliofanywa kwa mlolongo. Mpiga kura alijipanga hadharani nyuma ya mtu aliyemtaka, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Hapo lakabu haikubandikwa tena kwa ulimi. Mwili wenyewe ulifanywa lakabu. Mtu wa kati hakuwa na mahali pa kusimama.

3. Rongai na majina ya vyama

Rongai ni mji mdogo wa reli kati ya Nakuru na Eldoret. Eneo bunge linaloitwa kwa jina lake lina mashamba ya mahindi na ya mkonge yaliyokuwa ya walowezi, na humo Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Waturkana na wengineo huishi jirani kwa jirani, wakikutanishwa na Kiswahili sokoni na shuleni. Kabarak, nyumbani kwa Rais Moi na mahali alipozikwa Februari 2020, imo humo humo.

Mtu angetarajia eneo kama hilo libaki ngome ya KANU siku zote. Haikuwa hivyo. Mwaka 2002, mwaka ule ule Moi alipostaafu, kiti cha ubunge kilichukuliwa na Alicen Chelaite wa NARC. Mwaka 2007 kilikwenda kwa Luka Kigen wa ODM. Mwaka 2013 na 2017 Raymond Moi, mwana wa rais huyo, alikishinda kwa tiketi ya KANU. Na mwaka 2022 kikachukuliwa na Paul Chebor wa UDA. Ni vyama vinne katika chaguzi tano.

Si haki kudai kwamba mageuzi yote hayo yalikuwa kazi ya watu wa kati. Wimbi la ODM mwaka 2007 na la UDA mwaka 2022 yalivuma katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na wengi walikwenda na jamii zao. Lakini jambo moja ni dhahiri: jina la chama halikueleza imani ya mpiga kura. Kama lingeeleza, ingelazimu kusema kwamba watu wale wale, wenye mashamba yale yale na karo zile zile za kulipa, walibadili itikadi kila walipofika kituoni.

Lakabu ya "hasla" iliyotamba mwaka 2022 ilielekea kuwa tofauti, kwani ilizungumzia tabaka. Ilimweka msukuma wilbaro upande mmoja na nasaba za watawala upande wa pili. Ila haikusema mwalimu wa shule ya msingi wa Kampi ya Moto, mwenye mshahara mdogo, ekari mbili na ng'ombe mmoja, yuko wapi. Kwa nasaba hana ukoo. Kwa hasla ana hati ya mshahara. Jina lililodai kuwagawa watu wote liliwaacha wengi nje.

4. Lakabu na kitenzi chake

Sasa yafaa kutazama majina aliyopewa huyo aliyeachwa nje. Katika kura ya maoni ya mwaka 2010, ambapo kijani kilikuwa rangi ya Ndiyo na nyekundu rangi ya La, walioshukiwa kusitasita waliitwa matikitimaji: kijani kwa nje, wekundu kwa ndani. Kigeugeu, ndumakuwili na popo yalikuwapo tangu zamani. Majina hayo yote yana dhana moja, kwamba asiyechagua kambi anaficha kambi yake. Uwezekano wa kwamba bado anapima haumo.

Yapo majina makali zaidi. "Madoadoa" lilitumika katika Bonde la Ufa wakati wa mapigano ya miaka ya 1990, kuwataja watu wa jamii nyingine waliohesabiwa kuwa wageni na wapiga kura wasiofaa. Mwezi wa Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka pamoja na "kwekwe" katika orodha ya maneno ya chuki. Uhakiki wa lugha una la kuongeza hapa. Kila moja ya picha hizi hubeba kitenzi chake. Tikiti hupasuliwa ili lionekane ndani. Doa huoshwa. Kwekwe hung'olewa, na hapana mkulima wa mahindi wa Rongai asiyejua hivyo. Msemaji jukwaani hahitaji kutoa amri. Akishataja nomino, msikilizaji hukitamka kitenzi moyoni. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba doa si mtu wa jamii nyingine tu. Anayepiga kura kinyume cha jamii yake huwa doa nyumbani kwake mwenyewe.

5. Hitimisho

Mtu huyo asiye na jina ana uzito mkubwa. Katiba ya mwaka 2010 humtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hivyo kambi moja haitoshi. Mwaka 2022 tofauti baina ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211 kati ya zaidi ya milioni 14.

Methali husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi hizo zinastahili jina. "Wastani" limekwisha kuharibiwa na ripoti za mitihani, ambamo maana yake ni asiyefaulu wala kuanguka. Lugha inayo istilahi bora: mtu wa kiasi. Kiasi ni kipimo, na pia ni kujizuia. Neno moja lina kazi zote mbili za mpiga kura anayefikiri. Mpaka sasa limetumika zaidi kwa ulaji na usemi. Hakuna sarufi inayolizuia kuingia katika siasa. Nao watungaji wa kamusi za istilahi za siasa wasitosheke kuandika kwamba doa ni alama ya uchafu. Waandike pia kwamba limepata kuitwa mtu, na yaliyompata mtu huyo.