Kuikata Namba ya NIDA

Mintarafu ya namba ya kitambulisho cha taifa itolewayo na NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania, jambo la kwanza limpasalo kulijua mwenye kutaka kuishughulikia kwa kompyuta ni kwamba, japokuwa yaitwa namba, haikukusudiwa kujumlishwa wala kugawanywa, bali ni mfuatano wa tarakimu 20 uliopangwa kwa mafungu manne: nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni postikodi ya mahali, ambayo kwa mkoa wa Morogoro huanza kwa 67, kisha huja tano nyingine, na mbili za kufungia.

Natuchukue, basi, orodha ya wakulima wa kata ya Masanze, wilayani Kilosa, iliyoandikwa katika jedwali la Excel, ambayo karani anatakiwa atoe humo tarehe za kuzaliwa ili wajulikane vijana ni wangapi na wazee ni wangapi. Na namba ya mfano, isiyo ya mtu yeyote, na iwe 19780412-67000-00123-45.

Katika Python amri yenyewe ni fupi mno: namba[0:8], nayo hurudisha 19780412. Hesabu huanzia sifuri, na mpaka wa pili haumo katika kipande, jambo ambalo wanafunzi aghalabu huliona ni usumbufu mtupu; lakini Edsger Dijkstra, bingwa wa Kiholanzi wa sayansi ya kompyuta, aliutetea utaratibu huo mwaka 1982, na hoja yake naiona ina nguvu, kwani urefu wa kipande huwa ni tofauti ya mipaka yake miwili, na pale kinapokoma kimoja ndipo kinapoanza cha pili. Vistari vikisha kuondolewa, postikodi ni namba[8:13]. SQL ina desturi nyingine: SUBSTRING(namba, 1, 8) huhesabu kuanzia moja, na ile 8 ni urefu, si mpaka, na kwa kuwa katika kipande cha kwanza tarakimu hiyo ya 8 hutokea kotekote, mtu hughafilika asitambue tofauti mpaka afike kwenye postikodi, ambako SQL yataka 9 na 5.

Hayo ni mepesi. Taksiri kubwa hutokea kabla ya kisu kushikwa. Karani akiandika namba pamoja na vistari vyake, Excel huihifadhi kama maandishi, ikabaki salama. Akiviacha kwa haraka, Excel huidhania kuwa ni kiasi cha kuhesabiwa, na kwa kuwa yenyewe haishiki zaidi ya tarakimu 15, hizo tano za mwisho huzigeuza sifuri bila ya kumwambia mtu. Vile vistari ambavyo mwandishi wa programu huviona takataka ndivyo vilivyokuwa ngome.

Kioo huonyesha 1.97804E+19, na faili likihifadhiwa hivyo katika CSV, namba[0:8] huleta 1.97804E, upuuzi ulio dhahiri ambao kila mwenye macho atauona. Hilo ni afadhali. Hatari zaidi ni pale karani anapoipanua safu na kuipa sura ya namba kamili, akapata 19780412670000000000: urefu ni 20, zote ni tarakimu, tarehe ni sahihi, postikodi ni sahihi, na kila ukaguzi wa kawaida huipitisha, ilhali wakulima wawili waliozaliwa siku moja na wenye postikodi moja, mmoja wa 00123 na mwingine wa 00456, wamekwisha kuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kukata mwanzo, sharti mkia utazamwe: namba[-5:] ikiwa ni 00000 katika mistari mingi, orodha imeharibika. Safu ingepasa ifanywe ya maandishi kabla ya herufi ya kwanza kuingia, maana kuibadili baadaye hakurudishi kitu, wala hakuna amri ya Python iwezayo kuzifufua tarakimu hizo. Karani itambidi arejee kwenye fomu za karatasi, na zisipokuwapo, apite kitongoji kwa kitongoji akiomba vitambulisho upya.