Kuwaingiza Bata Wapya Uani

Bata wetu wa kienyeji, wale wenye nyama nyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na ni wenyeji wa huko waliowafuga kwanza. Dume lake halipigi kelele. Hutoa pumzi nzito ya kukwaruza tu. Likikomaa hufikia kilo 4 hadi 6, na jike huwa karibu nusu ya hapo. Wana kucha kali kwa kuwa huko kwao walizoea kulala juu ya miti. Anayewaona wakijikokota uchochoroni huwadhani wapole, na kwa watu ni wapole kweli. Kwa bata mwenzao aliyeletwa jana kutoka sokoni, hawana upole wowote.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya mama mmoja mfugaji wa Kigamboni. Ana dume moja kubwa jeupe na majike wanne walioshika ua kama mali yao, na anajua kuwaongezea wenzao pasipo kumwaga damu. Nimemtazama akiwaingiza majike wawili wachanga. Sijaona mahali alipofanya haraka.

Kazi ilianza kabla ya bata wenyewe kufika. Alijenga kibanda cha pili chini ya mwembe, mbali na banda kubwa, kwa mabanzi na wavu wa kuku, akatandaza maranda makavu chini. Kibanda hicho ni karantini, na wageni hukaa humo wiki tatu hadi nne. Kila asubuhi huwalisha wenyeji kwanza, wageni mwisho, na ana ndala za kuingilia kwa wageni tu. Sababu yake ni nzito: bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili yoyote, na jirani wa upande wa pili anafuga kuku.

Wageni walipotolewa kwenye tenga, alimshika kila mmoja kwa kumkumbatia, mbawa zimebanwa ubavuni, kucha zikielekea nyuma. Bata habebwi kwa miguu, maana miguu yake ni dhaifu na huteguka upesi. Alipapasa mfupa wa kidari kupima unene. Akafunua manyoya chini ya mbawa kutafuta utitiri na chawa, akaangalia macho, pua, nyayo, na sehemu ya haja kama kuna dalili za kuhara. Kisha akakunjua ubawa mmoja, akautandaza juu ya goti na kuuinua kwenye mwanga. Manyoya marefu ya kurukia aliyapitia moja baada ya jingine kwa kidole gumba. Lile ambalo shina lake bado lilikuwa jeusi kwa damu aliliacha; yaliyokauka aliyakata kwa mkasi, nusu ya urefu. Ubawa mmoja tu hukatwa, ili ndege akijaribu kuruka akose mizani asivuke ukuta. Bata yule hakushtuka hata kidogo.

Karantini ilipokwisha, kibanda kilisogezwa hadi kikagusana na banda kubwa, wavu ukabaki katikati. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wetu tunapokosa subira. Dume lilikuja mara moja, limesimamisha manyoya ya kichwani, mkia ukitikisika, shingo ikienda mbele na kurudi. Lilitembea kando ya wavu mchana kutwa. Nilidhani hilo ndilo tatizo.

"Mwanangu, dume usilitazame sana," aliniambia. "Mtazame yule jike mweusi."

Jike mweusi ndiye mkongwe wa banda. Hakuwa na makeke, ila kila mgeni alipokaribia wavu naye alisogea, akatia mdomo kwenye tundu na kudonoa. Katika miaka ya 1920, mwanazuolojia wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jinsi kuku wanavyopangana kwa vyeo, kila mmoja akijua amdonoe nani na amkwepe nani. Bata nao wana vyeo vyao. Mgeni akiingia, safu yote inatikisika, na anayeona cheo chake kiko hatarini ndiye anayepigana zaidi. Kwa hiyo mama huyu huwasoma wenyeji kwa makini kuliko wageni.

Dawa yake ni chakula. Aliweka beseni mbili za pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa, moja kila upande, mbali na wavu. Baada ya siku chache alizisogeza kidogo. Walipokula bila kugeuza shingo, alizisogeza tena. Jike mweusi alipoanza kuacha chakula ili adonoe, beseni zilirudishwa nyuma bila neno, na siku za kungoja zikaongezeka. Mwishowe pande zote mbili zilikula zikiwa zimetenganishwa na unene wa waya.

Kati ya hapo alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwatoa wenyeji wote waende kwenye mihogo nyuma ya nyumba, akawaingiza wageni peke yao katika banda kubwa kwa saa kadhaa. Wakazunguka, wakajua kona, kivuli na njia ya kutokea. Mgeni anayejua pa kukimbilia hapigwi sana.

Siku ya kuwachanganya aliichagua baada ya mvua. Ardhi ilikuwa laini, konokono wametapakaa, na kila mdomo ulikuwa na kazi. Aliwafungulia asubuhi ili apate mchana mzima wa kuwaangalia. Chakula alikitawanya sehemu tatu zisizoonana. Mabanzi aliyaegemeza ukutani kuwa maficho, na kila ficho lina njia mbili za kutokea, kwa sababu lenye njia moja ni mtego. Karai kubwa la kuogea aliliondoa, maana dume zito likimpanda jike mdogo kwenye maji mengi linaweza kumzamisha. Badala yake aliweka vyombo vifupi vyenye maji ya kutosha kuzamisha matundu ya pua, kwani bata lazima asafishe pua, na akila bila maji karibu hukabwa.

Ugomvi ulizuka, bila shaka. Jike mweusi alimdonoa mgeni wa kwanza mgongoni, akamwacha, mama hakusogea. Alimdonoa wa pili, akamkimbiza hatua chache; bado hakusogea. Lakini dume liliponasa manyoya ya shingo na kung'ang'ania, ufagio wa chelewa ulishaingia kati yao, umelazwa kwa ubapa, bila kupiga. Dume liliachia. Anatofautisha kudonoa kwa kuonyana na kudonoa kwa kuumiza, na tofauti hiyo huiona mapema kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtazama akifuga. Damu ikitoka, aliyejeruhiwa hutolewa palepale, kwa kuwa wengine huzidi kumdonoa kwenye kidonda.

Usiku wageni walirudi kibandani kwao. Wafugaji wa kuku huwapenyeza wageni gizani, kuku akiwa haoni, asubuhi wakaamka pamoja. Bata huona gizani na hushughulika usiku, kwa hiyo njia hiyo kwake haifai.

Dume lilipoendelea na ubishi, ni lenyewe lililotengwa. Wageni walibaki. Liliporudi baada ya siku kadhaa, lilikuta majike wote sita wamezoeana, likawa ndilo linalotafuta nafasi. Kwa kawaida dume moja hutosha majike wanne au watano, na sita si wengi mno kwa dume la ukubwa ule. Madume mawili kwa majike wachache ndiyo huleta majeraha.

Alama aliyokuwa akiingoja ilikuja adhuhuri moja: bata wote wamelala kivuli kimoja, na mmoja wa wageni amepachika kichwa kwenye mbawa. Siku hiyo ndipo alipoondoa wavu, akakirudisha kibanda chini ya mwembe, tayari kwa mara nyingine.

Nawe unayetaka kuongeza bata uani kwako, jenga kibanda cha pili kwanza, ndipo uende sokoni. Na ukifika huko usinunue mmoja. Nunua wawili waliokulia pamoja, ili makali ya wenyeji yasimwangukie mgeni mmoja.