Lukemia na mfano wetu wa "herufi iliyokosewa"

Sisi wa sayansi tumezoea kueleza magonjwa ya jeni kwa mfano mmoja: DNA ni kitabu, na ugonjwa ni herufi iliyokosewa. Kwa selimundu mfano huu unafaa kabisa. Kwa lukemia ile iitwayo CML unapotosha, na anayeumia ni mgonjwa.

Kwenye CML tatizo si herufi. Kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika, zikabadilishana vipande. Hebu fikiria malori mawili yamekutana pale Segera, moja la Tanga, lingine la Arusha, yakabadilishana matela. Mzigo wote upo, hakuna kilichopotea. Ila jeni ABL1 sasa imefungwa nyuma ya BCR, na breki zake zimebaki kwenye kichwa cha zamani. Protini inayotoka hapo inaziamuru chembe za damu zigawanyike bila kusimama. Nowell na Hungerford waliiona kromosomu hiyo fupi mwaka 1960 huko Philadelphia. Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni vipande vimebadilishana.

Sasa hii inamhusu nini mtu wa Mazingara? Inamhusu sana. Ukimwambia "herufi", atafikiria selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi, na vikao vya kuchunguza ukoo wa mama vitaanza. CML hairithiwi, huanzia kwenye chembe moja ya uboho, mtu akiwa tayari amezaliwa.

Halafu kuna bandama. Handeni na Korogwe ni maeneo ya malaria, kwa hiyo bandama likivimba wengi huwaza malaria kwanza. CML nayo hulivimbisha. Hesabu kamili ya damu itaonyesha chembe nyeupe zimepanda mno, na hapo ndipo atafutwe BCR-ABL1. Hata mashine ya GeneXpert, ile ya kifua kikuu, hufanya kipimo hicho ikiwekewa katriji yake.

Tena, kwa kuwa muungano ni uleule kwa karibu kila mgonjwa, unalengeka. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima protini hiyo. Ni kidonge, na Ocean Road kule Dar wagonjwa wamekuwa wakitibiwa nacho.

Mfano wa herufi hausemi lolote kati ya haya. Tuubakize kwenye selimundu. Kwa CML, tuseme malori.