Msiba wa Taifa na Msiba wa Jimbo: Franco na Jean Bosco Mwenda

Luambo Makiadi, maarufu kwa jina la Franco, alifariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Rais Mobutu alitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na Kinshasa ikafurika waombolezaji. Mwaka uliofuata, Septemba 1990, Mwenda wa Bayeke, ambaye wasikilizaji wa Afrika Mashariki walimjua kama Jean Bosco Mwenda, alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Yeye hakutangaziwa maombolezo ya kitaifa. Wote wawili walikuwa wapiga gitaa mahiri, na wote walikuwa raia wa Zaire waliofia ugenini.

Jibu jepesi ni kwamba mmoja alipendwa zaidi. Lina ukweli wake: Franco alikuwa bado anaiongoza TP OK Jazz, ilhali enzi ya Bosco ilikuwa imepita. Machozi ya Kinshasa nayo hayakuwa ya kuigiza, na mhakiki anayeyaona kuwa kazi ya serikali tu huwakosea heshima wafiwa. Hata hivyo, mapenzi ya watu hayatoshi kuugeuza msiba kuwa wa taifa. Lazima awepo mwenye mamlaka ya kuutangaza, tena mwenye haja ya kufanya hivyo.

Mobutu alikuwa na haja hiyo. Serikali iliyomfunga Franco mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu ndiyo iliyomtumia mwaka 1984 kumpigia debe Rais katika uchaguzi usio na mpinzani. Isitoshe, Franco aliimba kwa Kilingala, lugha ya mji mkuu na ya jeshi. Kumlilia kulikuwa pia kuililia sura ambayo dola ilipenda kujiona nayo.

Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, jimbo lililojitenga mwaka 1960 na ambalo Kinshasa haikuacha kulitilia shaka, hata baada ya kulibadili jina na kuliita Shaba. Wakati wa kifo chake ulikuwa mbaya zaidi. Aprili 1990 Mobutu alilazimika kutangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Mei, wanafunzi waliuawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikasitisha misaada. Katika miezi hiyo, kukusanya umma wa Lubumbashi kwa msiba wowote kungekuwa hatari kwa watawala. Suala la kama walilifikiria hilo kwa habari ya Bosco ni la pembeni. Inatosha kwamba hapakuwa na chombo cha dola ambacho kingenufaika kwa kumlilia.

Hapa ndipo neno “kusahauliwa” linapohitaji kuhojiwa, kwani Bosco hakusahauliwa na kila mtu. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka. Aliishi na kufanya kazi Nairobi kwa muda, na upigaji wake wa vidole uliwaathiri wapiga gitaa wa Kenya. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa kina wa upigaji huo mwaka 1961 na 1962. Ni vigumu kumtaja mwanamuziki wa Kiswahili wa kizazi hicho aliyechunguzwa kwa makini kiasi hicho, na umakini huo uliandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu yake, kwa hiyo, iliishi katika vidole vya wapigaji na katika majarida ya wataalamu, mahali ambapo umma haukusanyiki.

Franco amepata pia sanamu, iliyosimamishwa Kinshasa mwaka 2015. Wanaoshauri kuhusu sera za utamaduni hupenda hatua za namna hiyo kwa kuwa zinaonekana na zinazinduliwa kwa siku moja. Kwa Bosco, sanamu ingekuwa nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi. Maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 iko Makhanda, Afrika Kusini. Makubaliano ya kupata nakala za rekodi za Katanga, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, yangegusa haki za warithi, bajeti za redio na mitaala ya vyuo vya Lubumbashi na Nairobi.