"Gari limetuharibikia": vijineno vya Kiingereza tunavyovijua bila kujua

Hebu jiulize: kidato cha kwanza ulifundishwaje "give up", "break down" na "turn off"? Kama ulisoma nilivyosoma mimi, uliandikiwa orodha ubaoni, ukaikariri, mtihani ulipoisha na orodha ikaisha nayo.

Wapo wanaisimu waliotafuta njia nyingine. Kitabu cha Brygida Rudzka-Ostyn, Word Power, kilichotoka mwaka 2003, kinavipanga vitenzi hivi kwa kufuata kijineno cha nyuma. Hoja ni kwamba "up" haikai pale kwa bahati tu. Inaanza na kupanda, halafu maana inapanuka. Gunia likijaa, mahindi hufika juu mdomoni. Basi "fill up" ni kujaza kabisa, na "eat up" ni kula hadi kumaliza. Mtu wa Moshi hahitaji maelezo mengi hapo. Anapanda Kibosho, anashuka mjini, na sokoni bei ya ndizi inapanda na kushuka ingawa haina miguu.

Naikubali njia hii, ila ina kasoro mbili.

Kwanza, inaeleza vizuri kuliko inavyotabiri. "Turn down" ni kupunguza sauti. Sawa, chini ni kidogo. Lakini pia ni kukataa ombi. Ukishaambiwa maana, picha unaiona; usingeambiwa, ungeipata? Kijineno kikusaidie kukumbuka, usikitumie kubahatisha.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, tunaifundisha kana kwamba mwanafunzi anaanzia sifuri. Chukua Hiace inayopandisha Marangu, ikazimika njiani. Mwingereza atasema "it broke down on us". Hiyo "on us" haimaanishi gari limewalalia abiria. Inamaanisha hasara imewaangukia wao. Wewe unasemaje? "Gari limetuharibikia." Halijaharibika tu, limetuharibikia! Kazi ya "on" inafanywa na "-i-" iliyo ndani ya kitenzi, na "us" ni "-tu-".

Kichagga nacho kinalo hilo. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha makala kuhusu Kivunjo, ambayo wanaisimu wanaijadili hadi leo. Huko, ukimlia mtu chakula, iwe kwa faida yake au kwa hasara yake, kiambishi ni kilekile. Yaani sarufi ya Vunjo inasomwa vyuo vikuu vya ng'ambo, wakati shuleni nilikosoma neno moja la Kichagga lilitosha kukuletea adhabu. Tulinyang'anywa ngazi, kisha tukalaumiwa kwa kushindwa kupanda.

Kwa hiyo mwalimu, kesho kabla ya orodha, andika ubaoni "tupa" na "tupilia mbali". Pembeni andika "throw" na "throw away". Uliza tofauti ni nini, kisha nyamaza kidogo. Watakujibu.