Sifa ya Kuzima

Koroboi haikuachwa ikiwaka chumba kikiwa kitupu. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo shuleni. Mafuta yalionekana yakipungua, na mtoto aliyesahau kuizima alisikia jina lake likiitwa kutoka uani. Umeme wa vijijini, unaosambazwa na Wakala wa Nishati Vijijini tangu uanze kazi mwaka 2007, ulileta mwanga na ukaondoka na adabu hiyo. Leo taa ya barazani inawaka mpaka jua litoke, king'amuzi hakizimwi, na kwa mtu anayejiweza kidogo kuna kifaa kingine kinachokesha bila kazi: seva ya nyumbani, kisanduku chenye hadi diski mbili ambamo familia imeweka picha za harusi, video za maulidi, vyeti vilivyoskaniwa na tamthilia za msimu mzima. Nadai kwamba kukipangia kisanduku hicho saa ya kuwaka na saa ya kuzima, kikazitii chenyewe bila mtu kunyanyuka, ni ufundi kamili. Tena katika nyumba ya Miono, kwenye njia ya kutoka Mandera kwenda Saadani, ufundi huo unatangulia ule wa kuchagua ukubwa wa diski.

Tuanze na LUKU, maana huko hoja inapimika. Seva ya diski mbili hula wati 20 hivi ikiwa kazini. Ikiwaka usiku na mchana inamaliza karibu nusu uniti kwa siku, yaani uniti 14 na ushei kwa mwezi. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 alilipa shilingi 100 kwa kila uniti ndani ya 75 za mwezi, na kila iliyozidi hapo ikapanda hadi shilingi 350. Kisanduku kisichozimwa kilimeza basi karibu sehemu ya tano ya kiwango cha nafuu kabla jokofu na pasi havijaguswa. Kikiwaka kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, matumizi yanashuka hadi uniti nne hivi, pamoja na ile wati moja inayonyonywa kikiwa kimezimwa. Mtu atasema hiyo ni fedha ya vocha. Ni kweli kwa mwenye mshahara wa kila mwezi mjini. Kwa mkulima wa ufuta anayeshika fedha mara moja kwa msimu, uniti kumi ni uniti kumi.

Hata hivyo fedha ndiyo hoja ndogo. Kubwa ni namna seva inavyozimika. Mashine inayoandika faili huweka sehemu ya maandishi kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, kisha huyateremsha kwenye diski ikipata nafasi; umeme ukikatika katikati, kile kilichokuwa kinasubiri hakipo tena, na mara nyingine jedwali linaloonyesha faili gani iko wapi hubaki nusu. Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Seva iliyokwisha kufunga mafaili yake na kujizima saa tano haikuwa na cha kupoteza usiku ule. Nitaambiwa kwamba siku hizi umeme upo wa kutosha, bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mgao ni hadithi ya zamani. Lakini megawati za Rufiji hazizuii mnazi kuangukia waya wala transfoma kuungua, na nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijijini huyajua hayo kuliko yeyote. UPS inasaidia, sikatai, ila ni kinga ya dakika chache, na betri yake huchoka upesi katika joto la pwani.

Pingamizi la mafundi wenyewe lina uzito zaidi: diski huchakaa kwa kuwashwa na kuzimwa, heri izunguke daima. Ukweli wa jambo hilo ni wa kipimo. Diski za zamani zilitengenezwa zivumilie kuanza na kusimama mara 50,000. Ukiiwasha mara moja kwa siku, kiwango hicho kinakwisha baada ya miaka zaidi ya 130. Kinachoumiza ni ratiba ya kijinga, ile inayoilaza diski kila baada ya dakika kumi na kuiamsha kila mtu anapofungua picha moja. Kuwasha mara moja jioni na kuzima mara moja usiku ni jambo tofauti kabisa, na anayeyachanganya mawili hayo hajakaa na seva.

Sasa tufike kwenye ufundi wenyewe, na hapa naomba nisiharakishwe. Karibu kila mazabodi ina saa yake ndogo inayoendeshwa na betri ya kidonge ya volti tatu, CR2032, ileile inayopatikana kwenye rimoti za magari. Saa hiyo ndiyo huishtua mashine. Programu nyingi za seva huitunza kwa saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Anayeiambia 17:00 bila kujua hilo ataiona inawaka saa mbili usiku. Mwingine, kwa kuwa nyumba nzima inasema saa kumi na moja, ataandika 11:00, na seva inayofuata saa za hapa itaamka saa tano asubuhi wakati wote wako shambani. Fundi wa Berlin hana tatizo hili la pili. Wa huku hubeba hesabu mbili kichwani, ya jua na ya mashine, na huzipatanisha kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kisha hukumbuka ile betri: ikichoka, saa hurudi nyuma miaka mingi, kengele haipigi, na mwenye nyumba hudhani diski imekufa. Nimewahi kusikia hili likiitwa jambo dogo. Ni dogo kwa bei tu.

Ratiba njema pia huijua nyumba. Programu ya cron, ambayo tayari ilikuwamo katika Unix ya mwaka 1979, inaelewa dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma, na inaelewa kalenda moja. Haijui Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Usiku unarefuka, watoto wanaangalia video baada ya tarawehe, na seva inayojizima saa tano inageuka kero. Fundi makini huandaa ratiba ya pili na kuibadilisha kwa mkono mwezi unapoandama, kwa kuwa kuonekana kwa mwezi hakuandikwi mapema kwenye mashine. Juni na Desemba wanafunzi wako likizo, hapo huongeza saa za mchana. Akiwa mstaarabu zaidi, seva yake haizimi ovyo: saa ikifika hutazama kwanza kama kuna mtu anayenakili faili, ikimkuta husubiri, na nakala za akiba zilizokuwa zikifanyika alfajiri huwa zimekwisha kuhamishiwa jioni ili zisipotee. Nayo ile swichi ya BIOS inayoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, wengi huiacha kwenye kuwaka daima, umeme ukarudi saa tisa usiku na kisanduku kikakesha hadi jioni ya pili. Akiiweka kwenye kubaki kimezimwa, nako umeme ukiwa haupo saa kumi na moja, jioni hiyo inapotea. Fundi huchagua kuwaka, halafu huongeza amri fupi: ukijikuta umewaka nje ya saa zako na hakuna anayekuhitaji, jizime tena. Mistari michache tu, na ndiyo inayomtenganisha fundi na mfungaji.

Uwezo huu haukuja bure. Mwanzoni kompyuta za IBM zilimtaka mtu aandike tarehe kila alipoziwasha. Saa yenye betri ilikuja na PC AT ya mwaka 1984. Hata hapo mashine haikuweza kujizima, swichi ilikata umeme moja kwa moja, na Windows 95 iliishia kumwambia mtumiaji kwamba sasa anaweza kuizima. Mpango wa ATX wa mwaka 1995 ndio ulioacha umeme kidogo ukipita mashine ikiwa imelala, na mlango ukafunguka. Tumeurithi mlango huo na tunaanza kuufunga. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja ambayo vijana wengi huigeuza seva kwa kuwa ni rahisi, haikuwa na saa inayoweza kuwekewa betri mpaka toleo la tano, mwaka 2023. Aliyejenga juu ya matoleo ya kabla yake hana kengele ya kuamsha asipoiongeza mwenyewe. Wapo pia wanaosema seva yenyewe imepitwa na wakati, picha zipelekwe kwenye hifadhi za mtandaoni. Wanaosema hivyo hawajapandisha video ya harusi ya saa nne kwa bando.

Linalosikitisha ni kwamba seva nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nyumba zina ukurasa wa ratiba hii tayari, na kuujaza huchukua muda mfupi kuliko kufunga waya. Mfungaji wa mjini hukaza skrubu, hutoa nywila, hupokea malipo na kuondoka; ukurasa unabaki mtupu, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu mteja hakuwahi kuambiwa kwamba upo.