Kizuizi, kizuiaji na neno ‘dawa’

Kuna sentensi ambayo kila baada ya miezi michache huchomoza redioni na magazetini: “Wanasayansi wamegundua dawa ya saratani.” Kisarufi haina dosari. Tatizo ni kwamba aghalabu si kweli. Ukiifuatilia habari yenyewe utakuta kilichopatikana ni molekuli ndogo iliyozuia protini fulani kufanya kazi, tena ndani ya seli zilizowekwa kwenye kisahani cha maabara. Leo nina ugomvi na maneno mawili yanayotumika katika habari za aina hii: kizuizi na dawa.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachozuiwa. Ndani ya seli zetu mna protini za mwendo. Wapo wanaoziita protini mota, jina ambalo kwetu Wapwani huleta mlio wa motaboti. Nyingi ni hamali hasa. Kinesini, kwa mfano, hutembea hatua kwa hatua juu ya nyuzi nyembamba za seli, mzigo mgongoni, kama hamali wa bandarini. Lakini mmoja wa ukoo huo, aitwaye Eg5, kazi yake ni kusukuma. Seli inapojigawa, Eg5 hushika nyuzi mbili zinazokabiliana na kuzitenganisha, mithili ya mtu aliyesimama kwenye mtumbwi mmoja akiusukuma wa pili kwa upondo. Sisi tuliokulia Ngao, kando ya Mto Tana, hatuhitaji kuchorewa. Upondo ukikwama, mitumbwi haiachani. Eg5 ikikwama, seli haigawanyiki, na seli ya saratani iliyokwama hivyo mara nyingi hufa.

Mwaka 1999 Thomas Mayer, Tarun Kapoor na wenzao katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza kwamba wamepekua kemikali zaidi ya 16,000 na kupata moja inayoikwamisha Eg5. Wakaiita monastroli, kwa sababu katika seli iliyotiwa kemikali hiyo nyuzi hujikusanya kama nyota moja badala ya kugawanyika pande mbili. (Kumbe wanakemia nao wana ushairi wao!)

Sasa monastroli tuiite nani kwa Kiswahili? Kila mara nasoma ‘kizuizi’. Kizuizi ni kitu kilichotulia njiani: gogo, rundo la mawe, au vile vyuma vya polisi katika barabara ya Garsen kwenda Malindi. Hakichagui. Matatu, lori, ambulensi, vyote husimama. Kizuiaji, kwa kile kiambishi -ji, ni mtendaji na anamjua anayemzuia. Utaniambia, “Profesa, hayo ni ya darasani.” La hasha! Zipo dawa za saratani ambazo kweli ni vizuizi. Vinkristini, inayotokana na mmea wa asili ya Madagaska, huzivuruga nyuzi zenyewe, yaani njia. Ila neva nazo husafirisha mizigo yao kwa njia hizo hizo, ndiyo maana mgonjwa huishia kupata ganzi ya vidole. Matumaini ya wanaoiwinda Eg5 yalikuwa hapo: mzuie msukumaji, iache njia. Mwandishi anayetumia neno moja kwa mambo haya mawili ameifuta sababu nzima ya utafiti.

Neno ‘dawa’ lina madhara makubwa zaidi. Monastroli ilikuwa dhaifu mno kuwa dawa. Kemikali zenye nguvu zaidi zilizoifuata, kama ispinesibu, zilifika kwa wagonjwa wa majaribio. Neva zilisalimika kwa kiasi kikubwa, lakini chembe nyeupe za damu zilishuka, na uvimbe haukunywea ilivyotarajiwa. Robo karne imepita, na hakuna kizuiaji cha Eg5 kilichoidhinishwa kutibu saratani.

Pwani yetu ina kisa chake. Katika miaka ya 1970, mmea uitwao Maytenus buchananii ulikusanywa kwa maelfu ya kilo huko Shimba Hills, Kwale, kwa ajili ya Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani. Kilichotafutwa ni maitansini, kemikali ambayo Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 kutokana na mmea wa Ethiopia. Hiki nacho ni kizuizi cha njia. Kilipojaribiwa kwa wagonjwa, sumu ilizidi faida, kikawekwa kando. Ilipofika 2013 ndipo kemikali ya jamii yake, iliyofungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi kwenye seli za saratani ya matiti, ilipoidhinishwa Marekani. Miaka 41! Ripota aliyeandika “dawa yapatikana” mwaka 1972 angekuwa amekwisha kustaafu.

Shangazi yangu hana miaka 41 ya kusubiri. Kwa matibabu hutoka Ngao hadi Garsen, kisha Malindi, kisha Mombasa. Mwaka jana aliniuliza, “Mwanangu, si wamesema redioni dawa imepatikana? Basi hii ya kuning’oa nywele ni ya nini?” Alikuwa amekosa kliniki mara mbili, akiingojea hiyo mpya.

Wenzangu wengine wanapendekeza ‘dawa tarajiwa’. Mie nasita. Bibi harusi mtarajiwa siku yake imeshapangwa na kadi zimechapishwa. Mwalimu tarajali, kwa upande wake, bado anakaguliwa akifundisha, na anaweza kufeli. Basi tuseme ‘dawa tarajali’, na molekuli yenyewe tuiite kizuiaji. Mhariri atalalamika kwamba kichwa cha habari kimerefuka. Na kirefuke.

Walioniandikia kuhusu tofauti ya kugundua na kuvumbua, nitawajibu juma lijalo.